Pesa ya Kupanda Nayo

Anayeuliza abebe shilingi ngapi anapokwenda kijiji cha mlimani huwa na hofu mbili: asije akaishiwa, na asije akaibiwa. Majibu anayopewa nayo huzunguka hapohapo. Mmoja atamwambia achukue ya kutosha na aifiche vizuri. Mwingine atamwambia asijisumbue, siku hizi benki iko kiganjani. Hoja ya sura hii ni kwamba wote wawili wameanzia pasipostahili. Kiasi cha kupanda nacho hakipimwi kwa mahitaji ya mgeni peke yake, kwa sababu noti zinazozunguka kijijini ni chache, zina watu wanaozitegemea, na kila mgeni anayefika ama anaziongeza ama anakuja kuzigombania. Nitaijenga hoja hiyo juu ya mfano mmoja, vijiji vya Usambara Magharibi mkoani Tanga, kwa kuwa ni milima inayopandwa na wageni wa kila aina: watalii wanaotembea kwa miguu, wana wa Kishambaa wanaorudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Tanga, wanunuzi wa mboga, watafiti, na watumishi wa umma waliopangiwa kazi huko.

Kwanza tuipate ramani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha hupita chini kabisa ya milima hii, na Mombo ndipo unapoiacha. Kutoka hapo lami ya kilomita thelathini na kitu hupanda kwa kona kali, ikipita Soni, mpaka Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Lushoto kuna matawi ya benki na mashine za ATM. Ukiipa mji huo kisogo na kuelekea Mlalo, Rangwi, Sunga au Mtae, benki nayo umeipa kisogo. Mtae uko zaidi ya kilomita hamsini mbele, kwenye ukingo wa milima unaotazama tambarare za Mkomazi, na mabasi ya huko kwa desturi hushuka alfajiri na kupanda mchana au jioni. Maana yake ni kwamba aliyeishiwa pesa saa nne asubuhi hana safari ya haraka ya kwenda benki na kurudi. Anapoteza siku nzima, nauli mbili, na huenda malazi ya usiku mmoja. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo wa miteremko huweza kuporomoka barabarani, na siku moja ikawa tatu. Hali hii inamkuta mgeni mara moja kwa safari. Mwenye duka wa kijijini anaishi nayo mwaka mzima, na hilo ndilo linalosahaulika tunapojadili suala hili kana kwamba linahusu mkoba wa msafiri tu.

Noti za kijijini zinatoka wapi? Uchumi wa Usambara Magharibi umesimama juu ya mboga na matunda. Kabichi, karoti, viazi mviringo, nyanya, pilipili hoho, pamoja na matunda ya baridi kama plamu na pea, hushushwa kwa malori hadi Tanga na kwenye masoko ya Dar es Salaam. Mnunuzi huja na pesa, hulipa shambani au siku ya gulio, na siku hiyo mikono mingi hushika noti. Kisha noti huanza kushuka. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, mabati, mbolea, dawa za kupulizia mimea, soda: vyote hununuliwa kwa pesa ambazo mwenye duka atazipeleka Lushoto, Mombo au Korogwe kufuata mzigo mwingine. Sare na madaftari ya wanafunzi hushusha nyingine. Kinachobaki kati ya mavuno na mavuno ni noti chache zilizochakaa, zinazopita mikono ileile kutoka dukani hadi mgahawani, kutoka mgahawani hadi kwa bodaboda, na kurudi dukani. Mgeni anayeona migomba imestawi, ng'ombe wa maziwa zizini na nyumba za matofali huamini kwamba pesa ipo. Mali ipo, lakini huwezi kumchenjia mtu noti kwa ng'ombe. Wala hali hii si ya jana. Kodi ya nyumba iliyowekwa na utawala wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 iliwalazimisha watu wa milimani kutafuta rupia ambazo hawakuwa nazo, nao wakazifuata kwenye mashamba ya walowezi. Sarafu ilipanda mlima pamoja na kibarua aliyerudi kwake, ikashuka pamoja na mtoza kodi.

Kisha ikaja simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, Vodacom ikaianzisha Tanzania mwaka 2008, mitandao mingine ikafuata, na kijana aliyeko Kariakoo akaacha kumkabidhi utingo wa basi bahasha ya mama yake. Faida yake ni kubwa na imepimwa. Tavneet Suri na William Jack, katika makala yao ya mwaka 2016 kwenye jarida la Science, walikadiria kwamba M-Pesa iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka kwenye umaskini, yaani karibu asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo. Lakini pesa iliyotumwa kwa simu hufika kijijini bila noti hata moja. Mama akitaka kumlipa kibarua wa kupalilia, anakwenda kwa wakala kutoa, na wakala anampa noti zilizomo kwenye droo yake. Wakala hufanya kazi na akiba mbili: floti iliyo kwenye simu na keshi iliyo mkononi. Mjini, ambako watu wengi hutuma, keshi humjaa na floti humwishia. Kijijini, ambako watu hupokea na kutoa, floti hujaa na keshi hukauka. Frederik Eijkman, Jake Kendall na Ignacio Mas walipochunguza mawakala wa M-Pesa nchini Kenya walieleza mwaka 2010 jinsi noti zinavyolazimika kusafirishwa: wakala wa vijijini sharti aende mwenyewe au amtume mtu benki ya mjini akazifuate. Nauli ni yake, muda ni wake, na hatari ya njiani ni yake. Kwa hiyo, nyuma ya kila muamala unaoonekana mwepesi kwenye kioo cha simu, kuna mtu aliyefunga kibanda chake siku hiyo na kupanda basi la alfajiri.

Hapa ndipo mgeni asiye na pesa mkononi anapoingia kwenye picha. Anafika alasiri, anatoa laki moja kwa wakala wa kijiji ili alipie chumba na kiongozi wa njia, na hajui kwamba pengine amechukua robo ya droo. Anayefuata nyuma yake, aliyetumiwa elfu thelathini za dawa, anaambiwa keshi imekwisha, arudi kesho. Msomaji makini atapinga: mgeni yule hakuzitoa noti nje ya kijiji, amemlipa mwenye nyumba na kiongozi, kwa hiyo zingali palepale. Pingamizi hili lina uzito, na linanilazimu nieleze dai langu kwa usahihi zaidi. Ni kweli mgeni hakupunguza idadi ya noti kijijini. Alichofanya ni kuzihamisha kutoka mahali ambapo kila mtu angeweza kuzifikia, yaani droo ya wakala, na kuzipeleka kwenye mfuko wa mtu mmoja ambaye anaweza kukaa nazo mpaka safari yake ya Lushoto. Amefanya hivyo ilhali alikuwa mtu pekee katika foleni ile aliyepita mbele ya benki asubuhi hiyohiyo. Wengine hawakuwa na nafasi ya kuongeza noti kijijini. Yeye alikuwa nayo, bila nauli ya ziada, kwa kuwa alikuwa anapanda tu.

Kuna atakayesema uhaba wa noti ni kero ndogo, kwamba watu watakopeshana na maisha yataendelea. Tukio kubwa la India linatufundisha vingine. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016 serikali ya nchi hiyo ilizifuta noti za rupia 500 na 1,000, ambazo kwa thamani zilikuwa asilimia 86 ya fedha taslimu zote zilizokuwa mikononi mwa watu. Noti mpya zilisambazwa polepole, na wilaya moja haikupata sawa na nyingine. Tofauti hiyo iliwapa wachumi Gabriel Chodorow-Reich, Gita Gopinath, Prachi Mishra na Abhinav Narayanan nafasi ya kulinganisha, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2020 walikuta kwamba wilaya zilizokosa noti zaidi zilipoteza zaidi shughuli za kiuchumi na ukuaji wa mikopo. Wilaya hizo pia zilikimbilia haraka zaidi njia nyingine za malipo, lakini mbio hizo hazikuziba pengo. Watu walewale, wenye ujuzi uleule na mashamba yaleyale, walifanya kazi kidogo zaidi kwa sababu tu chombo cha kulipana kilipungua. Sidai kwamba kijiji cha Usambara kinapitia msukosuko wa ukubwa huo. Nasema sababu ni ya namna moja: kibarua asiyelipwa leo hapalilii leo, na palizi iliyochelewa haisubiri basi lirudi.

Ukubwa wa noti ni suala lenye madhara zaidi hata kuliko kiasi, na ndilo wageni wengi hulikosea. ATM kwa kawaida hutoa noti kubwa, na mgeni hupanda nazo zilivyo: wekundu watupu. Chukua mfano wa mama anayeuza maandazi kwa shilingi 200. Beseni la maandazi sitini, likiisha lote, ni shilingi 12,000. Mgeni anayenunua mawili na kunyoosha elfu kumi anamwomba mama huyo amrudishie 9,600, pesa ambayo asubuhi ile hajaipata bado. Atafanya nini? Atamtuma mtoto azunguke duka moja hadi jingine kutafuta chenji huku wateja wengine wakisubiri. Au atasema chukua tu, utaleta baadaye, akijua kwamba mgeni anaondoka. Au mgeni, kwa nia njema, atasema chenji baki nayo, na kuanzia hapo bei ya kitafunwa kwa mgeni anayefuata imeshakuwa kitendawili. Katika njia zote tatu, gharama ya uvivu wa kutokuchenji benki imemwangukia mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Zimbabwe iliuona ukweli huu kwa kiwango cha taifa zima. Ilipoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2009 ilipata noti bila sarafu, na maduka yakawa yanarudisha chenji kwa pipi, kalamu na vipande vya karatasi vya kudai siku nyingine. Sarafu za nchi zilizolingana na senti za dola zililetwa Desemba 2014. Aliyenunua vya dola hamsini hakuumia sana. Aliyeumia ni aliyenunua mkate, kwa sababu kwake ile chenji ilikuwa chakula cha kesho. Benki Kuu ya Tanzania, mwaka 2014 huohuo, ilitoa sarafu ya shilingi 500 kwa kuwa noti yake ilikuwa inapita mikono mingi mno na kuchakaa upesi. Pesa ndogo ndiyo inayofanya kazi ngumu kuliko zote nchini, na kijijini ndiyo karibu yote iliyopo.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Bei hubadilika na kila kijiji kina zake, kwa hiyo namba zifuatazo ni za kuonyesha njia. Tuseme mgeni anakaa usiku mbili na siku tatu. Chumba ni 25,000 kwa usiku, jumla 50,000. Chakula na chai ni 10,000 kwa siku, jumla 30,000. Kiongozi wa njia kwa siku moja ni 30,000. Bodaboda na nauli za huku na huko ni 30,000. Gulioni atanunua vitu vya 20,000. Jumla ni 160,000. Juu yake aongeze nusu, 80,000, si kwa ajili ya anasa, bali kwa sababu barabara inaweza kufunga, mvua ikamweka usiku mwingine, au mtu akaugua akahitaji gari. Zinakuwa 240,000. Hizo hazipaswi kuwa noti 24 nyekundu. Mgawanyo unaofaa ni kama huu: elfu kumi ziwe nane, elfu tano kumi na mbili, elfu mbili thelathini, elfu moja thelathini na tano, na shilingi 5,000 za sarafu. Ni furushi la noti themanini na tano pamoja na sarafu kidogo, ambalo mtu hulipata kwa kuingia ndani ya benki na kuomba achenjiwe dirishani, siku ya kazi, kabla ya kupanda. Aliyefika Jumamosi jioni amechelewa, na itambidi ajaribu vituo vya mafuta na makondakta, ambao mara nyingi huwa na noti ndogo na wakati mwingine hufurahi kuzibadili kwa kubwa. Noti zilizochanika au kuloa azibadili hukohuko benki, kwani anayezipokea kijijini hana pa kuzipeleka. Noti za matoleo ya zamani, zile za kati ya 1985 na 2003 ambazo Benki Kuu iliziondoa kwenye mzunguko mwanzoni mwa 2025, hazina kazi huko.

Orodha hiyo imeacha malipo kadhaa kwa makusudi. Tozo za serikali, kama za kuingia hifadhi za misitu au mapori yanayosimamiwa na taasisi za umma, hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ambayo watu wote huiita kontroo namba, na anayeombwa noti mkononi kwa malipo ya aina hiyo ana haki ya kudai stakabadhi. Tiketi ya basi kubwa la kutoka Dar es Salaam hulipika kwa simu. Hoteli za Lushoto mjini nazo hazikosi njia. Kadiri malipo yanavyokuwa makubwa na rasmi, ndivyo yanavyohitaji noti kidogo. Kadiri yanavyokuwa madogo na ya ana kwa ana, ndivyo yanavyozihitaji zaidi. Dola ndiyo kabisa haina nafasi. Ndugu anayerudi kutoka Muscat, Dubai au London na dola mfukoni, akidhani anabeba fedha yenye nguvu, kijijini amebeba karatasi ambayo muuza viazi hawezi kuikagua wala kuichenji, na tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutajiwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Abadili mjini, kwenye duka la fedha au benki, apande na shilingi. Misafara ya karne ya 19 iliyoingia bara kutoka pwani ililijua somo hili vizuri: ilibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, na aliyekosea aina ya ushanga unaokubalika mahali fulani alikuwa na mzigo wa thamani usionunua hata chakula cha wapagazi.

Pingamizi la wizi linastahili heshima, maana aliyewahi kupoteza pesa ya safari haambiwi ni hofu tupu. Hata hivyo tuangalie hatari iko wapi hasa. Iko kwenye stendi zenye msongamano na ndani ya mabasi yaliyojaa, kuliko kwenye njia ya kijiji ambako kila anayepita anajulikana ni mtoto wa nani. Hatari hiyo inapunguzwa kwa kuchukua pesa Lushoto, hatua ya mwisho, badala ya kusafiri nayo tangu Dar es Salaam. Kwa kuigawa sehemu mbili au tatu mwilini na mizigoni. Na kwa kuweka zile za matumizi ya siku mfuko wa mbele, ili usifungue furushi lote mbele ya watu kwa ajili ya kununua ndizi. Noti ndogo zina faida hapa pia: anayelipa kwa elfu moja na elfu mbili hatangazi alichonacho. Na tukumbuke kwamba hatari haitoweki mgeni anapokataa kubeba. Inahamia kwa wakala, ambaye atashuka na kupanda na kiasi kikubwa zaidi, njia ileile, siku zinazojulikana. Kati ya mtu mmoja kubeba milioni na watu wanane kubeba laki mojamoja na ushee, wa kwanza ndiye anayeviziwa.

Pingamizi la simu ni gumu zaidi, na sitalishinda lote. Wenye maduka wengi wana lipa namba iliyobandikwa ukutani, vijana wa bodaboda hupokea kwa simu, na kila mwaka noti zinapoteza sehemu ya kazi yake. Lakini malipo ya simu yana bei, na swali ni nani anailipa. Watanzania wanalijua jambo hili kiasi kwamba mtu akiomba kutumiwa pesa huongeza palepale: tuma na ya kutolea. Mgeni anayemtumia mama wa mgahawa 6,000 bila ya kutolea amemlipa pungufu, iwapo mama huyo atahitaji noti. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilizua malalamiko makubwa mpaka serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 Septemba mwaka uleule, na sababu ni kwamba kwa miamala midogo kila makato yanaonekana. Kipimo changu ni hiki: kabla ya kulipa, jiulize huyu anayelipwa ataitumia pesa hii wapi kesho, na kwa njia gani. Mwenye duka anayeagiza mzigo kwa muuzaji wa jumla wa Lushoto na kumlipa kwa simu atapendelea simu. Ukimpa noti umemwongezea safari. Mwenye nyumba ya wageni huenda ni vivyo hivyo, na hapo mgeni anaweza kuondoa 50,000 za chumba kwenye hesabu yetu ya awali, mradi ameuliza mapema. Kibarua, muuza maandazi, bibi mwenye mayai sita na kijana aliyekuonyesha njia wao watanunua unga na mafuta ya taa jioni hiyohiyo, kwa noti. Vilevile mtandao hupotea, umeme hukatika, na simu ya mzee inaweza kuwa imechajiwa kwa jirani na haijarudi. Iwapo siku itafika ambapo hata muuza unga anapokea kwa simu bila makato ya kuuma, hesabu ya sura hii itapungua yenyewe, na nitafurahi. Kipimo kitabaki kilekile.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa watu wenye huruma: kwamba mgeni mwenye noti tele huharibu kijiji, huwafundisha watoto kuomba na huwapandishia bei wenyeji. Madhara hayo yapo, lakini hutokana na namna ya kutoa kuliko uwepo wa noti. Noti kubwa inayotupwa bila kudai chenji ndiyo inayopotosha bei; noti ndogo inayolingana na bei ya kila mtu inaiacha bei ilivyo. Pesa inayogawiwa watoto njiani huzaa kuomba, wakati pesa inayolipwa kwa kazi, chakula au mzigo haizai kitu cha aibu. Kwa mwana wa kijiji anayerudi nyumbani mambo yana uzito wa ziada. Yeye ana wazee wa kuwasalimu, na mkono mtupu haulambwi. Atakuta msiba unaohitaji rambirambi, au harusi ya binamu. Jumapili, kwenye sharika za Kilutheri ambazo ni nyingi milimani, vitu vilivyoletwa kama sadaka, mikungu ya ndizi, kuku, mayai, huuzwa kwa mnada baada ya ibada, na asiye na pesa mkononi anabaki mtazamaji. Malipo haya hayangojei mtandao, na adabu yake iko kwenye kukabidhi. Kwa mgeni wa aina hii ile nusu ya ziada haitoshi. Aongeze mara mbili ya alichokadiria, na kiasi kikubwa kiwe elfu tano na elfu mbili, ili salamu za wazee kumi zisimlazimishe kuchagua nani apate na nani akose.

Je, akibeba na zikabaki? Hapa ndipo droo ya wakala inaporudi, na ndipo hesabu nzima inapokaa sawa. Siku ya mwisho, mgeni atenge nauli ya kumfikisha Mombo na akiba ya usiku mmoja, kisha noti zilizobaki, hasa ndogo, azipeleke kwa wakala wa kijiji akaziweke kwenye simu yake. Kuweka kwa kawaida hakumkati mteja kitu. Wakala anapata keshi bila kufunga kibanda wala kulipa nauli ya Lushoto, wenye kutoa wanapata cha kutoa, na mgeni anashuka na mfuko mwepesi kupita zile stendi alizozihofia. Ndiyo maana kuzidisha kiasi si hasara, na kupunguza ni hasara ya wengine. Afadhali afanye hivyo siku moja kabla ya gulio kuliko siku inayofuata: kabla ya gulio watu hutoa pesa za kwenda kununua na droo hukauka, na baada yake wachuuzi huja wenyewe kuweka mauzo yao.